Kinanda cha Jumatano, Saa Saba na Robo

Siku ya kwanza nilipopiga kinanda bure saa ya chakula cha mchana, walikuja watu sita, na wawili kati yao walikuwa wamekosea mlango. Walikuwa mume na mke kutoka upande wa Rangwe waliofuata cheti cha ubatizo cha mtoto wao. Ofisi ya parokia ilikuwa imefungwa, karani ameenda kula, wakaona afadhali wakae ndani ya kanisa penye ubaridi kuliko kusimama juani. Wa tatu alikuwa askari wa lango. Wa nne alikuwa Padri mwenyewe. Wa tano alikuwa mama anayeuza nyanya karibu na kibanda changu sokoni, niliyembembeleza wiki nzima, akaja na beseni lake akaliweka miguuni. Wa sita alikuwa mwalimu wa kwaya. Huyo alikaa benchi la nyuma kabisa, mikono kifuani, akingoja nianguke.

Sikuanguka. Nilipiga nyimbo tano fupi kwa dakika ishirini na tano. Nilipomaliza, yule mume kutoka Rangwe aliuliza kwa sauti, "Imeisha?" Mke wake akamfinya. Askari akapiga makofi peke yake.

Nilishuka ngazi za roshani nikicheka. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, amepiga kinanda cha mabomba katikati ya mji wa Homa Bay na hakuna aliyemtupia nyanya, ingawa beseni zima lilikuwapo.

Nieleze nilifikaje pale.

Mimi nimezaliwa Migori, katika nyumba ya Wasabato. Mama yangu ni shemasi wa kanisa lake tangu sijui kusoma. Ijumaa jua likishuka, nyumbani kwetu hata sufuria ilijua kunyamaza. Nilipofaulu darasa la nane, nafasi niliyopata ilikuwa katika shule ya bweni ya masista, upande wa Asumbi. Mama alisitasita, halafu akasema elimu ni elimu, akanifungia sanduku.

Katika shule ile kulikuwa na sista mzee, mgeni, mwenye vidole vilivyopinda kwa ugonjwa wa viungo. Alikuwa na kinanda kidogo cha kukanyaga, kile unachokipa pumzi kwa miguu yako mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimekataa kazi, kwa hiyo alitafuta vya mtu mwingine, akapata vyangu. Miaka minne nilikaa kwenye kile kiti jioni baada ya jioni, yeye amesimama nyuma yangu akihesabu. Nilipokosea aligonga bega langu mara moja kwa kidole, nami nikaanza upya.

Nilipokuwa kidato cha nne nilibatizwa Mkatoliki, bila kumwambia mama. Alijua siku ya kutembelea wanafunzi, kutoka kwa mzazi mwingine aliyempongeza akidhani anafurahi. Mama hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinipa chapati alizoniletea, akasema, "Nyathina, mwanangu, umeamua. Sitakulaani, wewe ni damu yangu. Lakini usinitarajie kuweka mguu ndani ya kanisa hilo."

Mama yangu si mtu wa kusema kitu kisha akakisahau. Nilipofunga ndoa hakuingia kwenye misa. Tulipotoka kanisani tulimkuta kwenye ukumbi wa chakula, amevaa vizuri, amewapikia wageni wote, anatabasamu. Watoto wangu walipobatizwa alituma kuku. Miaka zaidi ya thelathini tulipendana hivyo, mlango wa kanisa ukiwa katikati yetu, na hakuna kati yetu aliyeutaja.

Baada ya shule sikupata nafasi ya kuendelea. Niliingia kwenye omena. Nanunua magunia yanayotoka visiwani, mengi kutoka Remba, mengine nauza hapa Homa Bay na mengine napeleka Migori. Ni kazi nzuri iliyosomesha watoto wangu. Lakini kinanda nilikiacha kabisa, kama mtu anavyoacha lugha ambayo hana wa kuizungumza naye.

Kisha kile cha mabomba kikaja. Kanisa moja la ng'ambo lilikuwa linafungwa kwa kukosa waumini, na watu wake, badala ya kuuza kinanda chao, wakatuletea sisi. Kilifika kwa lori kikiwa vipandevipande ndani ya masanduku marefu ya mbao. Fundi mgeni alikaa karibu miezi mitatu akikisimamisha kule juu kwenye roshani, mabomba mamia, mengine membamba kama kalamu, mengine makubwa kuliko mtu. Siku ya kukibariki alikuja mpigaji kutoka Nairobi. Alipoweka mikono, benchi nililokalia lilitetemeka. Niliinamisha kichwa, wanawake wenzangu wakadhani nasali. Nilikuwa nalia, na vidole vyangu vilikuwa vinatembea juu ya mapaja.

Mpigaji akarudi Nairobi, na kinanda kikanyamaza karibu mwaka mzima. Kwaya ilikuwa na kinanda chake cha umeme chenye spika, kinachojipigia ngoma chenyewe ukibonyeza kitufe kimoja, na mwalimu wa kwaya alikipenda. Cha mabomba kikabaki kupigwa picha na wageni. Nilivumilia, nikashindwa, nikaenda kwa Padri.

"Padri, kile kinanda cha juu kinaoza."

"Hakuna wa kukipiga, mama."

"Niko mimi."

Alinitazama vizuri. "Wewe si yule mama wa omena?"

"Ndiye. Lakini kabla ya omena nilikuwa wa kinanda."

Alinipandisha roshani siku hiyo hiyo. Mwalimu wa kwaya alikuwapo, akipanga vitabu vyake. Ni mwanamume mwembamba, mstaafu, aliyefundisha hesabu maisha yake yote, na hapendi mambo ya kukisia. Nilikaa. Nilipiga wimbo mmoja wa yule sista, kwa mikono tu. Vidole vilikuwa vigumu kama kuni, lakini vilikumbuka njia.

Mwalimu hakungoja nimalize. "Mama, hiki si kile cha shule. Tazama. Kina safu mbili za mikono, na chini pale kina safu nzima ya miguu. Bila miguu, huyu ni ng'ombe uliyemkamua titi moja."

Nilikasirika, hasa kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Padri alinipa ufunguo. Nilichagua saa saba mchana, saa ambayo soko husinzia na mwenzangu wa nyanya anaweza kunitazamia kibanda. Kila siku nilipanda kule juu nikajifundisha miguu. Ni jambo la ajabu kuwa mtu mzima na kugundua kwamba miguu yako, iliyokubeba miaka yote hiyo, haijui kulia na kushoto. Mkono wa kulia ukifanya lake na wa kushoto lake, mguu uliingilia kati kama mlevi katika mazungumzo ya watu. Nilitafuta mtumbani viatu vya soli nyembamba. Nilichukua boksi la karatasi ngumu, nikachora vile vibao vya miguu kwa mkaa, nikaliweka chini ya meza yangu ya omena. Nikiwa nawapimia wateja kwa mkebe, miguu ilikuwa inasoma. Mteja mmoja aliniuliza, "Mama, kuna siafu huko chini?"

Yule mpigaji wa Nairobi alikuwa amesahau kitabu kwenye kiti. Ndani yake mlikuwa na kipande kimoja kikubwa cha Mjerumani wa zamani, kurasa kumi na nne, zimejaa noti nyeusi kama omena kwenye nyavu. Nilikifungua, nikakifunga. Siku nyingine nikakifungua tena. Nikaamua kula ukurasa mmoja kwa mwezi, na kuna kurasa zilizonilazimu kuzila miezi miwili.

Padri ndiye aliyesema tuwaite watu. Alikuwa amewaona wapita njia wakisimama karibu na dirisha ninapofanya mazoezi.

"Jumatano, saa saba na robo," alisema. "Si misa. Hakuna mahubiri, hakuna sadaka. Mtu aingie, asikilize, arudi kazini."

Mwalimu wa kwaya akacheka kidogo. "Watu wa hapa, Padri? Atawapigia mbuzi gitaa."

"Basi mbuzi nao waje," Padri akasema. "Mlango uko wazi."

Ndipo wakaja wale sita niliowataja. Jumatano ya pili walikuja wanne. Ya tatu mvua ilinyesha, wakaja wengi kwa kukimbia mvua, na ilipokatika nusu yao walibaki. Hapo nilijua kuna kitu.

Nilianza kuwafahamu kutoka kwenye kile kioo kidogo kilichofungwa juu ya kinanda ili mpigaji aone kanisa zima, madhabahu hadi mlango, bila kugeuka. Kulikuwa na makarani wa ofisi za kaunti, wale ambao mwisho wa mwezi ukiwa mbali hawaendi kula. Kwangu walikuwa na mahali pa kukaa bila kuulizwa wataagiza nini. Kulikuwa na watu wenye wagonjwa hospitalini, wakingoja saa ya kuwaona. Wavuvi walikuja na kofia mikononi. Alikuwapo bibi mmoja aliyelala kila wiki, usingizi mzito, na kila wiki akinishukuru kwa dhati mlangoni. Wanaboda waliegesha pikipiki nje na kusikiliza wakiwa wamezikalia, mpaka Padri alipotoka akawaambia kofia za chuma haziwazuii kuingia. Nilipiga za wazungu wa kale, nikapiga na zetu, zile za harusi na za mazishi, nikizipanga upya ili miguu ipate kazi. Mwaka ulipoisha, mabenchi ya mbele hadi katikati yalikuwa na watu.

Mwalimu wa kwaya hakukosa hata Jumatano moja. Benchi lile lile, mikono vile vile. Sikujua anatafuta nini.

Sasa nifike kwenye Jumatano yenyewe.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuja Homa Bay kwa kliniki ya wiki moja, nikamleta kutoka Migori. Jumatatu akapasuliwa jicho la kulia, Alhamisi alitakiwa arudi kuangaliwa. Kwa hiyo Jumatano alikuwa kwangu, jicho limefunikwa kwa bandeji nyeupe, amekaa jikoni anakoroga chai isiyohitaji kukorogwa.

Wiki hiyo nilikuwa nimetangaza kwamba nitapiga kile kipande cha kurasa kumi na nne. Nilikuwa nimekila chote. Mwalimu mmoja wa shule ya wasichana upande wa Asumbi alikuwa ameahidi kuleta basi zima la wanafunzi. Sikulala vizuri, lakini kwa mama sikutaja lolote.

"Leo ndiyo siku ya kinanda chako?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Hiyo ni ibada?"

"Hapana. Hakuna misa, hakuna mahubiri. Ni muziki tu."

Alikoroga tena. "Mimi nitabaki nipumzishe jicho."

"Pumzika, mama."

Nikamwachia uji kwenye chupa, nikaondoka.

Nilipopanda roshani na kutazama kwenye kioo, nilikaa upesi kwenye kiti. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Wasichana wa shule walikuwa upande mzima wa kushoto na sweta zao. Watu walikuwa wamesimama kando ya nguzo. Nilivaa viatu vyangu vyembamba, nikavuta vijiti vinavyofungua safu za mabomba, nikasema moyoni, "Sista, gonga bega," nikaanza.

Ukurasa wa kwanza ulikwenda. Wa pili, wa tatu. Miguu ilikuwa inakimbia kama inayojua kwao. Ukurasa wa tano una mahali pa kupumua kidogo, na hapo nikainua macho kwenye kioo.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani na bandeji jichoni. Kwanza sikumtambua, nilifikiri ni mgonjwa aliyetoroka hospitali. Kisha akarekebisha kitambaa kwa mkono wa kushoto, kwa namna ambayo ni yake peke yake duniani. Alikuwa mama. Alikuwa bado nje ya kizingiti. Askari wa lango alimwonyesha nafasi kwenye benchi la mwisho. Alisimama pale kwa muda mrefu sana, mimi napiga ukurasa wa sita bila kujua napiga nini. Kisha mama akanyanyua mguu, akaingia, akakaa pembeni kabisa, mkoba kifuani kama mtu anayeshuka kituo kinachofuata.

Na hapo ndipo kinanda kilipoharibika.

Niliinua kidole kutoka kwenye noti moja ya safu ya juu, na noti haikunyamaza. Iliendelea kulia. Nikabonyeza tena, nikaachia, bado. Noti moja, katikati ya sauti, ikipiga kelele kama ng'ombe aliyeachwa nje ya boma. Kila nilichopiga kiligombana nayo. Nikaacha kupiga. Ndani ya kanisa lote ikabaki sauti ile moja.

Wasichana wakaanza kucheka kwa kujizuia. Mtu akakohoa. Kwenye kioo nilimwona mama akiinuka nusu, ameshika mkoba.

Nilianza kurudisha vijiti kimoja kimoja, na kila kimoja kilipoingia, ule mlio ulipungua, mpaka likabaki bomba moja tu, la sauti ya upole. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kile kijiti cha mwisho. Ningekisukuma, kungekuwa kimya, nami ningewaambia watu samahani, rudini kazini. Lakini ikiwa peke yake, noti ile haikuwa mbaya. Ilikaa pale pale kama uzi mnene wa nyatiti, kinubi cha kwetu, ule ambao mpigaji huupiga na kuurudia huku vidole vingine vikizunguka juu yake. Nami nilizaliwa kwa watu wanaojua la kufanya na sauti kama hiyo.

Niliiacha. Nikaweka mkono wa kushoto kwenye safu ya chini, nikatafuta, nikapata wimbo unaoweza kukaa juu yake. Ulikuwa wimbo wa zamani wa kanisa la mama, ule aliouimba Ijumaa jioni akifagia nyumba ili Sabato iikute safi. Sikuwahi kuupiga popote. Nilianza polepole, noti moja moja, nikaongeza mkono wa pili, kisha mguu ukaja wenyewe, kwa mwendo wa kwetu.

Mama alikuwa amesimama wima sasa. Nilijua anaondoka. Nikaendelea kupiga, nikasema basi, na aondoke akiwa amesikia huu.

Sauti ilitoka benchi la mwisho. Sauti kavu, ya mtu wa miaka themanini, kwa Dholuo, lugha yetu, ikishika ubeti wa kwanza mahali palepale nilipokuwa. Mama yangu alikuwa anaimba, jicho moja limefunikwa, mkoba bado kifuani. Hakuwa anaimba kwa kunong'ona. Aliimba kama shemasi.

Watu wakageuka kumtazama. Yule mama wa nyanya, ambaye naye ni Msabato na alikuwa hajawahi kuniambia, akadakia sauti ya pili. Halafu wavuvi wakaweka ile ya chini. Wimbo ule unajulikana ziwa zima, kila kanisa lina maneno yake, na kila mtu aliingia na ya kwao. Kufikia ubeti wa tatu wasichana wote walikuwa wamesimama. Nilivuta vijiti vya safu ya chini, kimoja, viwili, vyote, na mabomba yale makubwa kuliko mtu yakaingia chini ya sauti zao yakazibeba. Machozi yalinizuia kuona vibonyezo, lakini sikuvihitaji.

Wimbo ulipokwisha, noti iliyokwama ilikuwa bado inalia, pole pole, nasi wote tukaisikiliza. Ndipo nikasikia hatua kwenye ngazi. Mwalimu wa kwaya alitokea roshani, amevua koti.

"Ni kijiti cha ndani, kile kinachounganisha kibonyezo na bomba," alisema akihema. "Mbao imevimba kwa unyevu wa ziwa. Nilimwona yule fundi akivifunga, kila siku nilimtazama. Kipande chako kimebaki kurasa ngapi?"

"Nane."

"Anza mwanzo."

Alifungua kile kilango cha pembeni, akajipenyeza ndani ya kinanda, kati ya mabomba. Baada ya muda noti ikakatika ghafla. Sauti yake ikatoka kule ndani kana kwamba kinanda chenyewe kinasema: "Nimekisukuma! Lakini kitarudi kukwama! Nitakaa hapa nikisukume kila mara! Piga!"

"Mwalimu, utaziba masikio!"

"Piga, mama!"

Nikageukia watu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikaita kutoka juu, "Nitaanza upya! Mwenye kazi aende, hakuna atakayemlaumu!"

Saa nane ilikuwa inakaribia. Nilingoja nione makarani wakitoka. Mmoja alitazama saa yake, akaifunika kwa mkono wa shati, akakaa. Hakuna aliyetoka.

Nikapiga kurasa zote kumi na nne. Sitasema sikukosea, nilikosea ukurasa wa tisa na wa kumi na moja, nikaendelea. Lakini ukurasa wa mwisho, pale ambapo miguu inapanda peke yake kutoka chini kabisa na mikono inaisubiri juu, nilisikia roshani nzima ikinguruma chini yangu, nikavuta kila kijiti kilichokuwapo. Noti ya mwisho niliishika mpaka nikaona vumbi likidondoka kutoka dari. Nilipoachia yakaja makofi, na vigelegele, vigelegele vya harusi, kutoka kwa wanawake wa soko, na wasichana wakapiga mabenchi, na nje wanaboda wote wakapiga honi kwa pamoja.

Mwalimu wa kwaya alitoka kwenye kilango akiwa mweupe kwa vumbi, utando wa buibui kichwani. Alisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia, "Ukurasa wa tisa umekimbia!"

"Najua!"

"Miguu ilikuwa sawa!" Akanipa mkono, akaushika kwa muda.

Nilishuka ngazi. Watu walinipisha, wengine wakinishika bega. Mama alikuwa bado kwenye benchi la mwisho. Nilipiga magoti mbele yake kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Aliniangalia kwa lile jicho moja.

"Ulikuja kwa nini, mama?"

"Nilikunywa uji wako. Nikakaa. Nikasema, madaktari wanataka kunirudishia macho; na nina masikio mazima ambayo sijayatumia kwa mtoto wangu miaka yote hii." "Mimi ni Msabato. Nitazikwa Msabato."

"Najua, mama."

"Lakini Jumatano si siku ya mtu. Jumatano ni ya Mungu kama siku nyingine." Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza akivitazama vidole. "Hivi vyote vilikuwa ndani yako nikikuletea chapati?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja, naye akanipangusa uso kwa ncha ya kitambaa chake.

Ofisi kadhaa za Homa Bay zilifunguliwa saa nane na nusu siku ile, na nasikia hakuna bosi aliyeuliza, kwa sababu baadhi ya mabosi walikuwa wamesimama kando ya nguzo. Kile kijiti kilichovimba mwalimu wa kwaya alikikwangua kwa msasa wiki hiyo hiyo. Sasa yeye ndiye fundi wa kinanda, ana kisanduku cha vifaa na daftari la kila bomba, na wakati napiga husimama kando yangu kugeuza kurasa. Bado hanisifu kwa mikono. Wasichana wawili wa ile shule wanakuja Jumamosi moja moja kujifunza, nami nasimama nyuma yao nikihesabu.

Jicho la mama lilipona vizuri. Miezi mitatu baadaye alinipigia simu kutoka Migori. Alisema kijana aliyekuwa akipiga kinanda kanisani kwao amehamia chuo, na wazee wamekubali. Hakusema wamekubali nini. Nilifunga kibanda Ijumaa mapema, nikaenda.

Asubuhi ya Sabato tulitembea pamoja mpaka kanisani, mimi na yeye, polepole, kwa kasi yake. Kilikuwa kinanda kidogo cha umeme kwenye meza iliyofunikwa kitambaa, na nikakipiga kwa uwezo wangu wote. Ibada ilipokwisha, wanawake wa kanisa lake walimzunguka mlangoni wakisalimiana. Wengi walinijua tangu utotoni na walijua yote yaliyopita. Mama alinivuta kwa mkono mpaka katikati yao.

"Ma nyara," aliwaambia, huyu ni binti yangu. Kisha akanyoosha mgongo. "Kule Homa Bay ana kinanda kikubwa kuliko nyumba. Jumatano tutakodi gari, twende wote."